Tarawehe ya Wanawake: Msikitini au Nyumbani kwa Jirani?

Mwezi wa Ramadhani unapoandama, wanawake wengi wa Mombasa na Unguja huulizana waswalie wapi tarawehe, swala ya usiku ya mwezi huo. Msikiti wenye sehemu ya wanawake hauahirishi swala, na penye imamu aliyehifadhi Qur'ani huenda juzuu zote 30 zikakhitimishwa. Hata hivyo, kipaza sauti kikikatika, safu zilizo nyuma ya pazia hupotea, na maswali ya hedhi au ya kulipa saumu hukosa pa kuulizwa. Nyumbani kwa jirani, ambako swala huenda pamoja na darasa la Qur'ani, maswali hayo huulizwa bila haya, na msomaji husahihishwa tajwidi, yaani kanuni za usomaji, herufi kwa herufi, faida ambayo kwangu ina uzito mkubwa kuliko zote. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, mwanamke anaweza kuwaswalisha wenzake akisimama katikati ya safu yao.

Msikitini gharama ni nauli ya usiku. Nyumbani mzigo humwelemea mwenyeji aliyekwisha kupika futari, isipokuwa wenzake wapokezane zamu, na mwalimu akiugua darasa husimama. Anayenyonyesha au anayeanza kujifunza atafaidika zaidi na darasa la jirani, ilhali anayetaka kusikiliza khitma, yaani Qur'ani nzima hadi mwisho, na ana njia salama ya kurudi, msikiti utamfaa.