Fidla chini ya Mushtarii: DVD ya The Galileo Project

Binamu yangu alipokuja likizo Unguja kutoka Toronto aliniletea DVD, akaniambia, "Kaka, wewe mtu wa fidla, hii yako." Nikaiweka kabatini. Jalada lilinifanya nidhani ni filamu ya mambo ya anga, na mimi kazi yangu taarab. Wiki ya pili ndipo nilipoifungua, usiku, watoto wamelala. Tangu hapo nimeitazama mara nne.

Waliomo ni Tafelmusik, okestra ya Toronto iliyoanzishwa 1979. Wanapiga muziki wa baroki, yaani wa Ulaya ya karne ya 17 na 18, kwa ala za namna ya zama zile, zenye nyuzi za utumbo, na sauti yake ina ukwaruzo fulani mtamu ambao nyuzi za chuma hazina. Onyesho hili, The Galileo Project, lilibuniwa na mpiga besi wao, Alison Mackay, kwa ajili ya 2009, Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, ilipotimia miaka 400 tangu Galileo, mwanasayansi wa Italia, aelekeze darubini yake angani. Kuna mwigizaji mmoja anayesimulia, na juu ya jukwaa limetundikwa duara kubwa zinamopita picha za sayari na nyota, nyingine zimepigwa na Hubble, darubini iliyoko angani.

Kilichonikamata kwanza si hizo picha. Ni kwamba hakuna karatasi. Hakuna stendi hata moja ya noti! Programu nzima, kazi za watunzi Vivaldi, Lully, Monteverdi, Rameau, Handel, Bach, yote imo vichwani mwao. Msidhani ni jambo dogo. Nimepiga fidla miaka 18, na najua wimbo mmoja mrefu wenye vipande vya kujibizana unavyoweza kukukimbia katikati ukabaki na upinde hewani. Hawa wamehifadhi kila mtu sehemu yake, na kwa sababu hiyo macho yao yako huru. Wanatazamana. Fidla mbili zinajibizana katika Vivaldi, wapigaji wakisogeleana kama watu wawili wenye neno la siri, halafu wengine wanawazunguka polepole huku wanapiga, na juu yao ile duara. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walihangaika kuhifadhi: mtu aliyefungwa na karatasi hawezi kuzunguka, na hili ni onyesho la vitu vinavyozunguka.

Kisha jukwaa linatulia, anabaki peke yake mpiga luti, ala ya nyuzi ya Ulaya. Anapiga tokata, kipande cha ala bila kuimba, ya Michelangelo Galilei, mdogo wake Galileo, ambaye alikuwa mpiga luti kwa kazi. Nilimwita Ami, jirani yetu, ambaye udi amepiga tangu mimi sijazaliwa. Akavuta kiti karibu na kioo, akakaa kimya mpaka mwisho, ndipo akasema, "Huyu mtoto wa udi kabisa." Na kweli, hata jina luti limetokana na al-ud ya Kiarabu. Tumbo ni lilelile, kama papai lililokatwa nusu, na kichwa kimekunjwa kwenda nyuma. Ila Ami aliniomba nirudishe nyuma ili auone mkono wa kulia vizuri: hakuna risha ya kukwanyulia nyuzi, ni vidole vitupu, dole gumba likishuka kwenye nyuzi nene wakati vidole vingine vinachukua zile nyembamba. Na shingo ya luti imefungwa vizuizi vya utumbo, wakati udi wetu shingo yake ni laini, kidole kinateleza kinapotaka. "Wao wamejipimia njia," akasema Ami. "Sisi tunaitafuta kwa sikio."

Hiyo kauli imekaa nami, maana nyumba ya akina Galilei ilikuwa nyumba ya vipimo na nyuzi. Baba yao, Vincenzo, alikuwa mpiga luti na mwandishi wa mambo ya muziki. Alining'iniza uzito kwenye nyuzi akagundua kwamba ukitaka uzi utoe sauti ileile kwa juu, kama mtoto anavyoimba pamoja na babake, kuongeza uzito mara mbili hakutoshi. Unahitaji mara nne. Vitabu vya kale vilisema vingine. Galileo mwenyewe alijua kupiga luti. Kijana aliyekulia kwenye nyumba ambayo watu hawaamini neno mpaka walipime kwenye uzi, mimi sishangai kwamba Januari 1610 aliona vinyota vinne vikihama kando ya sayari ya Mushtarii (Jupita), akavifuatilia usiku baada ya usiku mpaka akajua ni miezi yake.

Kipande cha sherehe ya Dresden kimenifurahisha pia. Mwaka 1719 mwana wa mtawala wa Saksonia, huko Ujerumani, alioa, na zikafanywa sherehe zilizopewa majina ya sayari. Okestra inatupitisha humo sayari kwa sayari, na Zuhura amepewa muziki wa Rameau, laini, wa kubembeleza. Karibu na mwisho kuna Bach na wimbo wake wa nyota ya alfajiri, na nyota ya alfajiri ni huyohuyo Zuhura.

Lawama yangu ni moja. Maneno ni mengi. Msimulizi ana sauti nzuri, lakini ni Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na mama yangu, ambaye sikio lake la muziki ni kali kuliko langu, aliachwa nje kila alipoanza kusema. Ningependa muziki uachiwe nafasi zaidi ya kujieleza wenyewe. Pia, msiisikilize kwa spika ya kompyuta. Luti inapotea kabisa. Chomekeni spika kubwa au vaeni hedifoni.

Wanaastronomia nao waliipenda kazi hii: kuna kijisayari, namba 197856, kilichopewa jina la Tafelmusik.

DVD sasa iko kwa kiongozi wa kundi letu. Amekubali tujaribu Alhamisi: wimbo mmoja tu, wenye fidla tumesimama, karatasi zimebaki kwenye mikoba, na Ami katikati na udi wake.