Walitukatia santuri kwenye wimbo wa mwisho

Naanza na kilichoniudhi, maana kila ninayemsimulia ananiuliza, "Kwani si ni wimbo tu?" Walitukatia santuri kwenye Hallowed Be Thy Name, wimbo wa mwisho wa albamu ya The Number of the Beast ya Iron Maiden, kundi la roki nzito la Uingereza. Ingekuwa Gangland, ule unaoutangulia, nusu yetu tungepiga makofi. La, wakasubiri Hallowed Be Thy Name, kengele zimeshalia, mfungwa yuko chumbani anangoja kupelekwa kitanzini, mwimbaji wao Bruce Dickinson bado anaimba kwa sauti ya chini, magitaa hayajafunguka hata kidogo. Hapo ndipo meneja wa baa alipoona panafaa.

Baa yenyewe siitaji. Iko ghorofani, hapa hapa Nairobi, ina spika nzuri sana (nalisema hili shingo upande) na ukuta mzima wa televisheni, na huo ukuta ndio uliotuponza. Walitangaza usiku wa kusikiliza The Number of the Beast ya Iron Maiden kwa santuri, "mwanzo hadi mwisho." Hayo ni maneno ya tangazo lao. Kiingilio elfu moja, unalipa kwa M-Pesa, unaandikiwa risiti ya mkono. Ilikuwa Jumamosi moja hivi karibuni, mvua zilikuwa hazijaisha.

Ambaye hajawahi kukaa na wapenzi wa albamu hii atadhani natia chumvi. Watu walifika mapema kuliko wahudumu. Fulana nyeusi zilizofuliwa mpaka zikawa kijivu, Eddie, lile zimwi la majalada ya Maiden, amebaki nusu uso. Jamaa mmoja wa benki aliingia na suti na tai, akapitia chooni, akatoka na jaketi la jinzi lililoshonewa viraka kuanzia mabegani hadi kiunoni. Dada mmoja alitoka Nakuru kwa matatu kwa ajili ya usiku huo tu na alikuwa hajui atalala wapi. Sisi wa roki hatuna pengi pa kukutania tangu X FM, redio yetu ya roki, ilipozimwa. Na Maiden wenyewe, ziara yao ya 2016, ile waliyosafiri na Boeing 747 Dickinson mwenyewe akiwa miongoni mwa marubani, barani Afrika waliishia Afrika Kusini. Kwa hiyo mtu akikuambia njoo usikie albamu hii kwenye spika kubwa, pamoja na watu wanaoijua, huulizi mara mbili.

Santuri iliyopigwa haikuwa ya baa. Ilikuwa ya mtu mzima mmoja ambaye sote tunamwita Mzee, na hakuna anayethubutu kumwita jina. Ni chapa ya 1982, yenye anga la buluu. Wengi wetu tulikuwa tunaiona kwa macho kwa mara ya kwanza. Ile picha ya jalada ya mchoraji Derek Riggs, Eddie anamchezesha Ibilisi kwa nyuzi huku Ibilisi naye akimchezesha Eddie mdogo chini yake, nyuma yake palitakiwa pawe peusi. Uchapaji ukakosea, ukatoka buluu, na weusi haukurudi mpaka toleo la 1998. Ndiyo maana watu wanaitafuta hiyo buluu. Mzee alituruhusu kuishika kwa pembe za jalada tu, mikono ikiwa imekauka, na jamaa wa benki alinusa ndani. Sitanii, alinusa.

Mzee akatuhadithia jinsi ilivyonusurika. Miaka ya tisini, Rais Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada za shetani, hiyo ni 1994, kuwa na kitu kama hiki nyumbani kulitosha kuitiwa wazee wa kanisa. Akaitia ndani ya jalada la santuri ya kwaya, ikakaa humo miaka. Shemeji yake akaazima ile "kwaya" siku moja ya Pasaka... lakini hicho kisa atawasimulia mwenyewe mkimpata. Wala si Kenya peke yake iliyoshikwa na hofu. Huko Marekani walizichoma albamu hizi hadharani, na wapo waliohofia kuvuta moshi wake wakaona heri nyundo. Na hiki ndicho kinachonichekesha mpaka leo: wimbo wenyewe wa The Number of the Beast ulitokana na jinamizi alilopata Steve Harris, mpiga besi wao, baada ya kutazama filamu ya kutisha. Mtu kaota, kaamka, kaandika. Basi.

Upande wa kwanza ulipita vizuri, siwezi kulalamika. Kwenye Children of the Damned kuna mtu nyuma yangu alilia na hakuna aliyemgeukia. Upande wa pili ndio uliotuleta. Sindano inashuka, inaanza ile sauti ya kusoma Ufunuo. Kundi lilimtaka Vincent Price, mwigizaji wa filamu za kutisha, bei yake ikawashinda, wakamchukua Barry Clayton. Clayton akisoma kwa Kiingereza, pembe ya kulia ya baa ikaanza kusoma naye kwa Kiswahili, kwa sauti ya shemasi kabisa: "Hapa ndipo penye hekima. Yeye aliye na akili, na aihesabu hesabu ya mnyama huyo..." Wengine wakadakia. Hawakupanga. Ni watu waliolelewa Sunday school, aya wanazo kichwani, na hata walipofika kwenye namba walimaliza pamoja na Clayton. Mimi nilisimama nywele zimenisimama.

Halafu lile yowe. Inajulikana jinsi lilivyopatikana: Martin Birch, mtayarishaji, alimrudisha Dickinson kwenye mistari ya mwanzo tena na tena na tena, mpaka mtu wa watu akafura, na ile hasira ndiyo iliyonaswa kwenye kanda. Dickinson alikuwa mgeni kundini, ndiyo kwanza amechukua nafasi ya Paul Di'Anno. Nasi tulipiga yowe lile baa nzima, na baunsa akapanda ngazi mbio akidhani watu wanauana. Alipoona ni furaha akabaki mlangoni, na kichwa kikaanza kumcheza.

Hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota tano. Niliandika hata kwenye simu: "mahali pazuri, rudini."

Ikaja Run to the Hills, glasi zikainuliwa kwa ajili ya mpiga ngoma Clive Burr, aliyefariki 2013. Hii ndiyo albamu yake ya mwisho na Maiden, na ukitaka kujua alikuwa nani sikiliza anavyoufungua wimbo huo peke yake na ngoma zake. Ikaja Gangland, na ubishi wake. Kundi lenyewe limeshakiri kuwa lingechagua wimbo wao mwingine, Total Eclipse, badala yake, na kwenye toleo la santuri la miaka arobaini, 2022, Gangland iliondolewa kabisa ikawekwa hiyo nyingine. Dada wa Nakuru akasema hiyo ni kufuta historia, na tena Burr ni mmoja wa walioiandika. Jamaa wa benki akasema historia nyingine zifutwe tu. Mimi niko na dada, ila kwa sababu ya ukaidi tu.

Basi tumeivumilia Gangland. Kengele. Kimya. Watu wamefumba macho. Meneja anatoka nyuma ya kaunta, simu imebanwa kati ya sikio na bega, anaongea na mtu mwingine kabisa, anafika kwenye mashine ya santuri na kuinua mkono wa sindano kwa kidole cha shahada. Kuna kishikio pale pembeni cha kuinulia polepole, kiko wazi, hata mtoto angekiona. Yeye kidole. Na sindano ikateleza kutoka ndani hadi nje.

Spika nzuri zina ubaya wake. Mkwaruzo ule tuliusikia mpaka kwenye meno.

Televisheni zikawaka zote kwa mpigo. Mechi ya Uingereza. Mzee akasema, kwa upole ambao mimi sina, "Kijana, umebakisha wimbo mmoja." Na meneja, bado na simu begani: "Mkubwa, si hiyo nyimbo mnayo kwa simu? Mtamalizia nyumbani. Wateja wa mpira wanangoja."

Wateja wa mpira! Walikuwa watu watatu na chupa moja ya maji. Sisi tulijaza ukumbi, tulikula nyama yote iliyokuwa jikoni, tulilipa kiingilio ambacho wa mpira hawalipi. Na hata kama wangekuwa mia, wimbo ule ni dakika saba na ushee. Mechi ilikuwa bado iko kwenye matangazo ya biashara.

Mzee akaipeleka santuri kwenye taa ya kaunta, akaiinamisha huku na huku. Mstari mweupe, unakata nyimbo zote nne. Akaufuta kwa upindo wa shati, ukabaki. Hapo ndipo watu wakaanza kuimba. Wote, kuanzia pale pale ilipokatwa, magitaa kwa midomo, besi kwa kupiga meza, na mtangazaji wa mpira akipayuka juu yetu. Tuliumaliza. Ulikuwa mbaya, hatukupatana hata tulipoingia, na kama kuna mahali popote wimbo huo umewahi kupigwa vizuri kuliko pale sijui. Kwa hiyo mkiniuliza kama usiku ule ulikuwa mzuri, nitasema ndiyo, na huo wema msiwape wao hata chembe.

Nilienda kudai hela. Mhudumu wa kike, ambaye hana kosa lolote na aliomba radhi kwa niaba ya watu wasiojua kuomba, akatutetea. Meneja akatoa uamuzi: soda moja kila mtu, na usiku mwingine tuingie bure. Baadhi yetu walichukua soda. Sitawataja, wanajijua.

Nilikuwa nimeweka nyota moja. Nikaongeza ya pili kwa ajili ya spika na yule dada mhudumu. Nikiwa naandika mstari huu nimekumbuka kile kidole, naziondoa zote mbili. Lakini kama baunsa ataandaa usiku kama huu mahali pengine, na alisema anataka, nitakuwa wa kwanza kulipa.

Na meneja, kwa kuwa najua maoni unayasoma: uliahidi kumpigia Mzee kuhusu santuri yake "wiki ijayo." Wiki hiyo imeshapita na nyingine juu yake. Namba yake unayo, uliiandika mwenyewe nyuma ya risiti. Na usimtafutie ile ya anga jeusi, ataijua hata kabla hujaitoa kwenye mfuko.