Uzoefu wangu: Ziara ya Kwihara, Tabora, na mtoto wa kidato cha pili

Wazazi wenzangu mmekuwa mkiniuliza kama Kwihara inamfaa mwanafunzi wa sekondari. Inamfaa sana, mradi muwe na mtu wa kuwaeleza. Mkienda wenyewe mtaona nyumba ya udongo, miembe na mashamba, mtapiga picha na kurudi.

Kwihara ipo kilomita chache tu nje ya Tabora mjini, na watu bado wanaishi pale na kulima. Kilichoondoka ni mji. Katika karne ya 19, eneo hili la Unyanyembe lilikuwa kitovu cha misafara: wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walijenga hapa matembe yao, yaani nyumba kubwa za udongo zenye ua katikati, na kukusanya pembe za ndovu na watumwa. Tembe lililobaki, ambalo sasa ni makumbusho, ndilo walilofikia mpelelezi David Livingstone na mwandishi wa habari Henry Stanley, aliyekuwa amekwenda kumtafuta, mwaka 1872 wakitoka Ujiji.

Tulipokewa na mzee mmoja mtaratibu. Binti yangu alipomwamkia, alimwitikia "marahaba mjukuu wangu", kisha hakumwambia lolote kuhusu Livingstone. Alimuuliza, "Kwa nini walijenga hapa, wasijenge kwingine?" Mtoto akanitazama mimi. Nikanyamaza.

Mzee akachora kwa kijiti kwenye vumbi. Mstari mmoja kutoka Bagamoyo, mwingine kwenda Ujiji, mwingine kupanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, mwingine kushuka kusini. Yote ikakutana mguuni pake. Msafara uliotembea miezi mitatu kutoka pwani ulihitaji mahali pa kupumzika, kununua nafaka na kupata wapagazi wapya, na Wanyamwezi walikuwa wapagazi wanaosifika. Biashara ya masafa marefu, ambayo binti yangu alikuwa ameikariri daftarini kama orodha ya pointi, ikawa na sababu.

Sehemu ya wapagazi ndiyo iliyonigusa kuliko zote, na ningependa kila ziara iipe muda zaidi. Mzigo wa mtu mmoja ulifika kilo 30 hivi, yaani ujitwishe mfuko wa sembe wa kilo 25 na bado uongezewe, halafu utembee zaidi ya kilomita 800. Stanley aliondoka Kwihara Machi 1872, lakini Livingstone alibaki hadi Agosti akisubiri watu wa kubeba mizigo watumwe kutoka pwani. Bila mabega ya wapagazi hakuna aliyesogea. Mwaka uliofuata Livingstone alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watumishi wake Susi na Chuma pamoja na wenzao wakaubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakipitia hapahapa.

Ndani ya tembe, mwambie mtoto aguse ukuta. Nje jua lilikuwa kali, lakini vyumbani mlikuwa na ubaridi, maana kuta ni nene na madirisha ni madogo. Vyumba vinazunguka ua, na milango ya mbao imechongwa kwa nakshi za pwani. Binti yangu aliinama kwenye mlango mmoja muda mrefu, akifuata mchongo kwa kidole.

Je, mji ulitowekaje? Vita kati ya Mirambo, mtemi wa Urambo, na wafanyabiashara wa pwani viliifunga njia ya Ujiji mwaka 1871. Januari 1893 Wajerumani waliivamia ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, naye akalipua ghala la baruti akiwa ndani badala ya kukamatwa. Wajerumani wakaimarisha utawala wao Tabora, na reli ilipofika mwaka 1912 mizigo ikahamia kwenye mabehewa. Ndiyo maana nashauri muanzie stesheni ya Tabora asubuhi, kisha muende Kwihara. Mtoto ataona kwanza kilichochukua kazi ya msafara.

Kwa usafiri, bajaji au bodaboda inatosha. Patana na dereva kabisa kwamba atawasubiri. Wetu alianza kupiga honi mapema, tukamaliza chumba cha mwisho mbiombio. Nendeni kiangazi, kwa sababu masika barabara ya vumbi huwa tope. Bebeni maji, na daftari lenye ramani ya Tanzania isiyo na majina, mtoto aijaze mwenyewe palepale.

Kwa watoto wa madarasa ya chini ningesubiri kidogo, hasa kwa sababu ya habari za watumwa, ambazo hazifai kupitwa juujuu.

Likizo ijayo tunapanda treni kwenda Kigoma tukaone Ujiji, ambako bandari nayo ilihama. Ziwa Tanganyika lilishuka mita kadhaa baada ya mto Lukuga kufunguka miaka ya 1870, ufuo ukasogea mbali, na reli ya mwaka 1914 ikaishia Kigoma kwenye ghuba yenye kina. Binti ameshaanza kuchora ramani yake.