Mbegu ya uyoga mamama ya chupa: inaota vizuri, ila lebo inaficha mengi

Nyota tatu kati ya tano. Kwa ubora wa mbegu yenyewe, chupa hii haina ubaya. Punje za mtama zimefunikwa na nyuzi nyeupe hadi kwenye kitako, ukitikisa zinaachana, na ukifungua hainuki uchachu. Gramu 200 zinatosha mfuko wa kilo 5 wa mabua ya mpunga yaliyochemshwa na kuchujwa maji. Ukipunguza hadi chini ya gramu 150, ukungu wa kijani utawahi kuuteka mfuko.

Shida iko kwenye lebo. Imeandikwa "mamama" basi, na mamama, yaani uyoga wa jamii ya Pleurotus, ziko nyingi. Pleurotus ostreatus hudai baridi, chini ya nyuzi joto 20 hivi, ndipo itoe vichwa. Ukiipeleka Tanga, mfuko utakuwa mweupe pe na usizae kitu. P. pulmonarius huvumilia joto zaidi, na P. djamor ya waridi zaidi ya hiyo, lakini hiyo ya waridi ukiiweka kwenye friji inakufa. Mnunuzi atajuaje?

Lebo haitaji kizazi pia, wala haisemi kama nyuzi zilitokana na chembe moja au mbili zilizoungana. Chembe moja ya vumbi la uyoga (vumbi la uzazi linalodondoka chini ya kofia) huwa na jinsi moja tu kati ya nne za kofia hiyo, na jinsi hiyo hupangwa na sehemu mbili za kromosomu, A na B. B huruhusu viini, vibeba jeni ndani ya seli, kusafiri ndani ya nyuzi za mwenzake. A husimamia viini viwili vigawanyike pamoja. Bila kutofautiana A na B zote mbili, ndoa haifungwi. Ndiyo maana wanaokung'uta vumbi la kofia moja wakaotesha chembe mbilimbili hupata jozi inayopatana moja tu kati ya nne. Nyuzi za chembe moja hustawi, huwa nyeupe, na kwa kawaida hazizai. Kwa hadubini ya x400, nyuzi za chupa hii zina vifundo vidogo pembeni mwa kuta za seli, yaani viini viwili vimo. Hapo muuzaji apewe sifa yake.

Usiitumie kuzalisha chupa nyingine mfululizo. Kila unapohamisha punje kwenda punje mpya, kasoro za jeni na vijidudu hurundikana, nyuzi huwa za kuvivia, mavuno hushuka. Mara mbili inatosha. Baada ya hapo anza upya na kipande cha nyama ya ndani ya shina, ambacho hubeba viini vyote viwili.

Mifuko ikishakuwa myeupe, wiki mbili hadi nne, toboa, ongeza mwanga na hewa. Mashina marefu yenye kofia ndogo ni dalili ya hewa chafu bandani, mbegu haina kosa. Na wanaokohoa bandani kwa sababu ya vumbi wajue zipo aina ambazo jeni ya msh4, inayohitajika kutengeneza vumbi hilo, imeharibika: kofia hukua kama kawaida, vumbi karibu hakuna. Duka hili halina.

Kabla ya kulipa, uliza ni Pleurotus ipi. Asipojua, nunua kwingine.