Uzoefu wangu na gitaa la achitopu la zamani

Anayetafuta gitaa la kuimbia peke yake sebuleni, lenye sauti tamu inayoelea, asinunue achitopu ya zamani. Nalisema mapema kwa sababu wengi huvutwa na sura: kifua kilichobinuka, matundu mawili ya umbo la herufi f kama ya fidla, rangi inayokolea kuelekea ukingoni. Sura hiyo hata mimi inanipagawisha. Lakini nimekaa na achitopu ya L-7, iliyotengenezwa na kampuni ya Gibson ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, kiasi cha kutosha kujua kuwa utamu wake uko kwingine.

Ukipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ukiwa peke yako, linajibu upesi, kwa ukavu fulani, kisha linanyamaza. Noti hazidumu. Sasa mlete mpiga besi, mpiga ngoma na tarumbeta moja, bila spika yoyote. Hapo ndipo utalielewa. Kila pigo la rithimu linapenya katikati ya kelele zote wala halimzibi mwenzako. Ndiyo kazi lililozaliwa nayo: bendi za jazi za Marekani za miaka ya 1920 na 1930 zilitaka gitaa litakalosikika kabla umeme haujaingia. Gitaa la L-5 la mwaka 1922, lililotoka Gibson wakati wa mbunifu wao Lloyd Loar, ndilo lililofungua njia. Msikilize Freddie Green, aliyeshika rithimu katika bendi ya jazi ya Count Basie tangu 1937 hadi alipofariki 1987: mara nyingi kodi yake ni noti mbili tatu tu, lakini bendi nzima imekaa juu yake. Mimi nilipoacha kubana nyuzi zote sita, gitaa langu lilifunguka.

Siri iko kwenye mbao. Ubao wa juu ni sprusi iliyochongwa kutoka kipande kinene, mgongo na mbavu ni mepo. Nyuzi zimefungwa kwenye chuma cha mkiani, na daraja, yaani kile kibao kinachoziinua nyuzi juu ya kifua, halikugundishwa. Limekaa kwa kugandamizwa na nyuzi tu. Kwa hiyo nyuzi nazibadilisha mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa mkupuo, daraja linaanguka na utatafuta upya mahali pake. (Weka alama ndogo ya penseli, utanishukuru.) Nyuzi nyembamba hazilitoshi. Seti inayoanzia 13 (uzi mwembamba kuliko wote una unene wa inchi 0.013) ndiyo inayoliamsha, na vidole vitalalamika.

Kero kubwa kwangu ni seluloidi, plastiki ya zamani. Kinga ya plastiki iliyo chini ya nyuzi ilianza kupasuka na kutoa harufu kali, na mvuke wa seluloidi inayooza hula chuma kilicho karibu. Niliitoa, na gitaa linapiga vizuri tu bila hiyo.

Ukienda kununua, chungulia ukingo wa tundu la f. Ukiona matabaka, hiyo ni plaiwudi. Usipoyaona bado usishangilie: Harmony na Kay, zote za Chicago, zilitoa pia achitopu za bei nafuu ambazo ubao wake mzima ulikunjwa kwa kukandamizwa badala ya kuchongwa. Nyingine ni nzuri kwa pesa yake, ila usizilipie bei ya kuchongwa. Angalia kama kifua kimedidimia chini ya daraja, na kama shingo imenyooka. Lililotobolewa kifuani ili kuwekewa pikapu (kinasa sauti cha umeme) ningeliacha. Ubao uliokatwa hautetemi tena kama zamani.

Gitaa hili nalipatia nyota nne kati ya tano, na ile ya tano imeliwa na seluloidi. Kwenye kurekodi, ningelipatia sita: mikrofoni moja mbele yake, na fundi wa sauti hana haja ya kupunguza besi ili mwimbaji apate nafasi.