Vitabu vitatu, kibodi moja na kitufe kisichobonyezeka

Watu wengi ninaowafahamu wamejifunza kutengeneza tovuti kwa video. Mimi video zilinishinda. Anayefundisha anakimbia, mimi nasimamisha, narudisha nyuma, nanakili alichoandika, na somo likiisha nina ukurasa unaofanana na wake ila sijui kwa nini umekaa hivyo. Nikarudi kwenye vitabu. Mwaka na ushei umepita, na ninaandika haya kwa sababu wakati ule nilikosa mtu wa kuniambia nianze na kipi na kipi nikiache.

Nilianza vibaya. Cha kwanza kilikuwa bunda la HTML na CSS, lugha za kujengea na kupamba kurasa za tovuti, nililolichukua kwa unene wake (ndiyo, kwa unene). Karibu nusu yake ilikuwa ni kupanga safu kwa float, mbinu ya zamani ya CSS, na sura nzima ya kubembeleza vivinjari ambavyo hakuna anayevitumia tena. CSS Grid, njia mpya ya kupanga safu hizo, iliingia kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2017. Bunda langu lilichapwa kabla ya hapo, nami sikuwa nimetazama mwaka. Wiki tatu zikaenda na maji. Kitabu cha msimbo huchacha kama maziwa.

Kilichonigeuza ni Don't Make Me Think cha Steve Krug. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 2000, toleo la tatu likaja 2014, na bado kinasomeka kwa sababu hakishughulikii msimbo, kinashughulikia watu. Anachosema ni kwamba mtu hasomi ukurasa wako. Anaupitishia macho, akiona neno linalokaribiana na alichokuja kutafuta, anabofya. Nilibisha. Kurasa zangu nilikuwa nimeziandika kwa jasho, iweje zisisomwe?

Krug pia anashauri ukae na mtu mmoja, umpe kazi ya kufanya kwenye tovuti yako, kisha unyamaze. Nikamwomba shangazi atafute namba ya simu kwenye ukurasa niliokuwa nimemaliza kuujenga. Namba ilikuwa ndani ya kiungo nilichokipa jina la "Tuungane", ambalo niliona lina mvuto. Akashuka mpaka chini, akapanda, akafungua "Kuhusu sisi", akarudi, akafungua tena "Kuhusu sisi". Nilikuwa nimeuma ulimi. Mwishowe akanigeukia: "Mwanangu, namba umeificha wapi?" Akaanza hata kuniomba radhi kwamba macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi: kosa langu, radhi aombe yeye. Kiungo sasa kinaitwa "Namba ya simu", na mvuto niliuzika.

The Design of Everyday Things cha Don Norman, cha mwaka 1988, hakihusu tovuti hata kidogo. Ni milango, majiko na swichi. Katikati ni kizito, na nakiri niliruka sura mbili. Lakini tangu nikisome siwezi kupita mlango wenye mpini wa kuvuta ulioandikwa "Sukuma" bila kucheka peke yangu.

Cha tatu kati ya vilivyonifaa ni Accessibility for Everyone cha Laura Kalbag, cha 2017. Kifupi, kinamalizika kwa siku chache, na kinafaa kwa anayeanza kabisa na masuala ya ufikivu, yaani tovuti itumike hata na wenye ulemavu. Ila kwa vigezo vyenyewe usikitegemee peke yake, maana baada yake WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, imepata toleo la 2.1 mwaka 2018 na la 2.2 Oktoba 2023. Vigezo hivyo viko wazi kwa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unavisoma bure. Ni vikavu kama karatasi ya sheria, lakini vinakupa namba za kushika. Kwa mfano, maandishi ya kawaida yanatakiwa kuwa na utofauti wa rangi usiopungua 4.5 kwa 1 na mandharinyuma yake. Kijivu changu kipenzi, #999999 juu ya nyeupe, kilipata 2.85. Nikateremka hadi #767676, ambacho kinavuka mstari kwa nywele tu.

Hata hivyo, kusoma kulikuwa bado kunaelea kichwani mpaka siku nilipochomoa kipanya. Nikajaribu kujaza fomu yangu mwenyewe kwa kibodi tu, nikisonga mbele kwa kitufe cha Tab. Tab, jina. Tab, ujumbe. Tab, na nikajikuta chini kabisa ya ukurasa. Kitufe cha "Tuma" kilirukwa, kwa sababu nilikijenga kwa div, kisanduku kitupu cha HTML, na kukipamba kifanane na kitufe. Kwa macho ni kitufe; kwa kibodi hakipo. Nikaweka button halisi, yaani kitufe cha HTML chenyewe, mistari kumi na mbili ya msimbo ikafutika, na fomu ikaanza kutumika.

Baada ya hapo nikasakinisha NVDA, kisoma skrini cha bure, nikafumba macho. Ukurasa wa Kiswahili ukaanza kusomwa na sauti inayotamka Kiingereza. "Pole" ikawa mlingoti wa bendera, "wake" ikawa "weik". Dakika nzima sikuelewa sentensi hata moja, na sentensi hizo niliziandika mimi. Kiolezo nilichoanzia kilikuwa na lang="en" juu kabisa, yaani kinatangaza kwamba ukurasa ni wa Kiingereza, na jambo lenyewe nilishalisoma kitabuni nikalipita kama kitu kidogo. Nikafuta herufi mbili, nikaandika sw, nikapakia upya. Sauti ilibaki ya roboti, ila sasa ni roboti anayejua Kiswahili.