Oga, ndoo na pipa la mwamba: tathmini ya zana za kuchimbia paili za zege

Wanaonunua mashine za kuchimbia paili, yaani nguzo za zege zinazomwagwa ndani ya shimo ardhini, huulizana kwanza torki (nguvu ya kuzungusha): 150, 220, 280 kilonyutoni-mita. Zana inayofungwa chini ya fimbo ya keli, ile fimbo ndefu ya kuvutika inayoizungusha shimoni, huachwa iwe ya mwisho kwenye oda, na mara nyingi hununuliwa ile ya bei ndogo. Ni kosa. Mashine kubwa yenye zana isiyofaa hushindwa na mashine ya wastani iliyofungwa zana ya tabaka lake. Tunazipima hapa zana zenyewe, za mashimo ya kipenyo cha milimita 600 hadi 1500, yawe makavu au yamejaa bentonaiti, maji ya udongo laini yanayozuia kuta zisibomoke.

Kushuka, karibu kila zana hushuka. Ubora hujulikana inapopanda: imebeba nini, imemwaga nini njiani, imezivuta kuta za shimo kwa nguvu gani, na huko chini imeacha pakoje.

Meno kwanza

Meno bapa yamekaa kama patasi. Yanafaa mfinyanzi, mchanga na udongo ulioshikana. Ukiyapeleka kwenye mawe makubwa au mwamba uliooza nusu, kipande cha kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma) kilicho mbele kitakatika, na kuanzia hapo unachimba kwa chuma kitupu. Meno ya risasi, yale ya mviringo yenye ncha ya kabaidi ya tangsteni, hayakati. Huuchoma mwamba hadi ukapasuka. Kwenye mfinyanzi ni hasara, maana udongo hujaa katikati ya jino na jino, uso wa zana ukawa laini, na mashine ikazunguka bila kushuka.

Jino la risasi ni lazima lizunguke ndani ya kishikio chake. Zana ikiwa juu, vaa glovu, shika jino, ligeuze. Likizunguka, litaisha sawasawa pande zote na ncha itabaki imechongoka kama penseli. Likikwama kwa tope lililokauka, litalika upande mmoja tu, lilalie mwamba badala ya kuuchoma, na mwishowe kishikio chenyewe kitaanza kusagika. Liloweke, ligonge, lioshe mpaka lilegee. Jino hubadilishwa kwa dakika chache. Kishikio kikiisha, ni kukata kwa gesi na kuchomelea upya.

Hapo ndipo zana rahisi hujianika. Kishikio huchomelewa kikiwa kimelala nyuzi kama 45 kuelekea kinakokata, na tena kimepindishwa kidogo pembeni ili msuguano wa mwamba ulizungushe jino. Vishikio vilivyowekwa kwa kukadiria kwa macho huua meno mapya siku ya kwanza. Ukiletewa pipa la mwamba (silinda yenye meno mdomoni), lisimamishe kichwa chini na uweke rula ndefu ya chuma juu ya ncha za meno. Ncha iliyozidi wenzake hata kwa milimita chache ndiyo itakayobeba mzigo wote na kuvunjika kwanza, kisha ya pili yake, na kuendelea.

Muuzaji atakuuliza nguvu ya mwamba kwa megapaskali. Mwambie pia una kwazi (madini magumu yanayosaga chuma) kiasi gani. Chokaa na graniti zinaweza kulingana kwa nguvu, lakini graniti yenye kwazi nyingi hula meno upesi zaidi, kwa sababu kwazi husaga kile chuma kinachoishika kabaidi. Chokaa huvunjika bila kusaga sana. Anayekadiria gharama ya meno kwa megapaskali peke yake ataaibika kwenye graniti.

Oga

Katika udongo mkavu ulioshikana hakuna zana ya haraka kuliko oga, skurubu kubwa yenye mabapa ya kubebea udongo. Inashuka, inajaa, inapanda, unaigeuza nyuma kwa kasi na udongo unaruka. Oga ya mkato mmoja hubeba mabonge makubwa na hujimwaga vizuri kwenye mfinyanzi. Ya mikato miwili hugawa mzigo pande mbili, kwa hiyo hushuka wima zaidi, na ndiyo tunayoipendekeza ardhi inapokuwa na mawe. Oga ya mwamba ina mabapa mazito zaidi, hasa bapa la chini, na meno ya risasi yaliyopangwa kwa ngazi kutoka kwenye ncha ya katikati, ili kila jino lipate mwamba ambao jirani yake ameshauvunja upande mmoja.

Udhaifu wake ni maji. Ipitishe kwenye bentonaiti ikiwa na mchanga, na mchanga utaoshwa kwenye mabapa wakati wa kupanda. Utaona oga imetoka safi, udhani chini pamekwisha, kumbe mchanga wote umerudi shimoni. Mchanga ukiwa chini ya maji, weka oga pembeni.

Kosa lingine ni uroho. Mwendesha mashine akiona ardhi laini hushusha oga yote mpaka mabapa yazame. Udongo uliozidi hushindiliwa juu ya bapa la mwisho, oga ikageuka kizibo, na winchi ikahangaika kuitoa. Kwa kipenyo cha milimita 1000, kila nusu mita ya kina ni karibu mita za ujazo 0.4 ardhini, na udongo ukishavunjwa huvimba. Acha nafasi ya uvimbe huo.

Ndoo ya kuchimbia

Hii ndiyo zana ya mchanga, changarawe na chochote kilicho chini ya maji, na ndiyo yenye tofauti kubwa kati ya nzuri na mbovu. Ya kitako kimoja hufungwa kwa vifuniko vya bawaba na inatosha kwa udongo unaoshikana. Kwa mchanga uliojaa maji nunua ya vitako viwili. Bamba la chini huzunguka juu ya jingine: mashine ikizunguka kulia kukata, matundu hulingana na udongo huingia. Ikigeuzwa kushoto sehemu ya mzunguko, bamba hujifunga. Mwendeshaji akisahau ule mgeuko wa kushoto, ndoo itapanda ikichuruzika na kazi itarudiwa.

Kagua pengo kati ya vitako hivyo viwili. Mchanga huvisaga, pengo hukua, na ndoo inayofungwa vizuri macho yako yakiona huvuja ikiwa shimoni. Hesabu yake inauma. Shimo la milimita 1000 lenye kina cha mita 20 lina mita za ujazo 15.7. Kwa uvimbe wa asilimia 25 unapata karibu 19.6 za kubeba. Ndoo inayobeba 0.8 kila safari itashuka na kupanda mara 25 hivi. Ikivuja robo ya mzigo, zinakuwa safari 33, na zile za mwisho ndizo ndefu, keli ikiwa imefunguka yote.

Kitu cha pili ni pumzi. Ndoo iliyojaa ikipandishwa kwenye bentonaiti hufanya kazi kama pampu: juu inasukuma, chini inavuta. Kuta za mchanga hazivumilii mvuto huo, zinamomonyoka, na paili inakula zege kuliko hesabu. Ndoo nzuri ina bomba au mkondo wa kupitisha maji kutoka juu hadi chini yake, na meno ya pembeni hukata duara pana kuliko mwili wa ndoo ili bentonaiti ipite ubavuni. Ndoo ambayo mwili wake unakaribia kulingana na duara la meno, iache dukani hata kama imepakwa rangi nzuri. Na hata iliyo bora, ipandishe polepole mita za kwanza kutoka chini, huku bentonaiti ikiongezwa ili ibaki juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita 1.5 hadi 2.

Komeo la kufungulia nalo liangaliwe. Kitako hufunguka fimbo ya komeo inapogongwa juu, kwenye kichwa cha mashine. Springi ikichoka, kitako hufunguka kikigusa ukingo wa kesingi (bomba la chuma linaloshikilia kuta za shimo) na mzigo wote huanguka shimoni. Pini ya bawaba iliyolegea hadi kitako kining'inie upande ni sababu tosha ya kuisimamisha ndoo siku hiyo.

Pipa la kukatia mwamba

Oga ya mwamba ikianza kurukaruka bila kushuka, leta pipa. Ni silinda yenye meno kwenye mdomo tu, na hukata mfereji wa mviringo badala ya uso mzima wa shimo, hivyo nguvu ya mashine inabanwa kwenye eneo dogo. Meno hupangwa mengine yakielekea ndani, mengine katikati, mengine nje. Ya nje ndiyo yanayolipa pipa nafasi ya kupanda. Yakilika, shimo hufinyana kidogo kidogo kadiri unavyoshuka, na pipa jipya lenye meno mapya likiletwa kesho yake litabanwa njiani. Pima duara la ukataji kwa futi kila mwanzo wa zamu. Ukipoteza milimita 10 kila upande, paili ya 1000 imekuwa 980, eneo lake limepungua asilimia 4, na nondo zinakosa sehemu ya zege la kuzifunika.

Lawama kubwa kwa pipa ni kuacha mwamba wa katikati umesimama. Si kasoro ya zana, ni mpango wa kazi. Kata mfereji nusu mita hadi mita moja, toa pipa, kisha shusha oga ya mwamba ivunje kiini hicho na ndoo iokote vipande. Mwamba ukiwa na nyufa, kiini hukatika na kukwama ndani ya pipa, ukapanda nacho. Kwa kipenyo kikubwa, kuanza na shimo dogo la katikati, tuseme 800 kisha 1200, huupa mwamba mahali pa kuvunjikia na hupunguza mzigo wa meno.

Mwamba ukipita kama megapaskali 100, meno ya risasi huisha bila tija na pipa la rola ndilo linalobaki. Rola husaga kwa uzito, kwa hiyo bila keli ya kufunga (inayofungika ili mashine iweze kukandamiza) na mgandamizo wa kutosha utakuwa unaupiga mwamba msasa. Beringi zake hazipendi joto wala kuzungushwa bila maji.

Kasi ya mzunguko ipungue kipenyo kinapokua. Mizunguko 25 kwa dakika kwenye 1000 ni mwendo wa mita 79 kwa dakika pembeni, na kwenye 1500 ni 118. Meno hayajui kipenyo, yanajua mwendo huo na joto lake.

Ndoo ya kusafishia

Kitako chake ni bapa, hakina ncha ya katikati wala meno marefu, na kazi yake ni kuokota tope na vipande vilivyotulia chini kabla ya fremu ya nondo kushuka. Ndiyo zana ambayo makandarasi wengi hawanunui. Ndoo ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake: ncha yake hutangulia, ikaacha shimo katikati na matuta pembeni, na kila ukijaribu kusafisha unachimbua udongo mpya. Paili inayotegemea kitako chake ikisimama juu ya tope, itazama kabla mwamba haujaanza kubeba. Izungushe polepole mizunguko michache bila kukandamiza, ifunge, ipandishe taratibu, kisha subiri mchanga unaoelea utulie na urudie. Kwenye bentonaiti, mchanga uwe chini ya asilimia 4 kabla ya kumwaga zege.

Mambo yanayosahauliwa kwenye oda

Boksi la keli, yaani tundu la juu ya zana linaloingiwa na kichwa cha keli. Vipimo vya kawaida ni milimita 130 × 130, 150 × 150 na 200 × 200, na zana yenye boksi la tofauti haifungiki bila adapta, ambayo nayo huongeza urefu na ulegevu. Boksi lililolika hufanya zana iyumbe, shimo litanuke juu, na uwima upotee. Mwinamo unaokubaliwa kwenye kanuni ya Ulaya EN 1536 kwa paili za wima ni sentimita 2 kwa kila mita, ambazo si nyingi zana ikicheza ndani ya pini.

Kesingi. Ya kuta mbili yenye kipenyo cha nje 1000 huwa na 920 ndani, kwa hiyo oga au ndoo ya 1000 haipiti humo. Zana iwe pungufu ya kipenyo cha ndani kwa milimita kama 30. Inaonekana wazi ukiisoma hapa, lakini oda hukosewa hapo hapo kila mara.

Uchomeleaji wa vishikio. Chuma chake si cha kawaida. Toa jino kwanza, pasha kishikio moto hadi nyuzi 150 hadi 250, tumia elektrodi kavu za haidrojeni ndogo, na ukiache kipoe chenyewe. Kikimwagiwa maji, ufa huanza chini ya weldi mahali ambapo rangi inauficha.

Kwa zana iliyotumika, usianze na meno, maana mwenye kuuza ameshaweka mapya. Anza na ukingo wa bapa la chini la oga na weldi inayolishika kwenye bomba la katikati, kisha tundu la pini kwenye boksi. Likiwa limekuwa na umbo la yai, punguza bei au ondoka.